Saba ya Bunju, Saba ya Madrid

Msafiri atokaye Makumbusho kwenda Bunju kwa daladala hupata wasaa mrefu wa kufikiri. Barabara ya Bagamoyo humpitisha Mwenge, kisha Tegeta karibu na kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966, halafu Boko, ndipo afike. Mikorosho iliyosalia huku imesimama katikati ya nyumba mpya, na mmoja niliuona umefungwa kamba za kuanikia nguo.

Nilikwenda kumwona mpwa wangu, binti aliyepatwa na mkasa wa saa. Alikuwa amejifunza Kihispania kwa bidii, akapata kibarua cha kuwaongoza wageni kutoka Hispania waendao kuyatazama magofu ya Kaole, Bagamoyo. Akaandikiwa kwamba gari lingempitia kituoni Bunju “a las siete”. Neno hilo alilijua: siete ni saba. Basi saa sita u nusu mchana alikuwa barabarani, amevaa viatu vipya, akangoja hadi wito wa alasiri. Gari lilikwishapita tangu saa moja asubuhi. Ujira wa siku ukapotea, naye akaambiwa kwamba atajaribiwa mara moja tu tena.

“Mjomba,” aliniambia, “maneno yote nilikuwa nayo. Sijui nilikosea wapi.”

Tukaenda kwa mzee mmoja jirani yake, ambaye ujanani alisoma Cuba. Mpwa wangu akapiga goti, akasema, “Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia gari lilikuacha.”

Mzee hakufungua kitabu. Alichora duara mchangani, akaweka namba 12, kisha akalaza kijiti kutoka 7 hadi 1. “Mhispania husoma kichwa cha kijiti,” alisema, “nasi husoma mkia.” Ikawa wazi papo hapo. Saba hutazamana na moja, nane na mbili, tisa na tatu. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza; wao huanza usiku wa manane na tena adhuhuri.

Hesabu yetu si ya watu wasiojua saa, kama wageni wengine wadhanivyo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta, na mwaka mzima macheo hayahami hata kwa saa moja kamili. Madrid mambo ni mengine: mchana wa Juni hukaribia saa 15, na ule wa Desemba ni wa saa 9 na ushei. Tena mwaka 1940 serikali ya Hispania ilisogeza saa za nchi mbele kwa saa moja, wala hazikurudishwa. Ndiyo maana mwezi wa Juni jua la Madrid huzama karibu saa nne kasorobo usiku, wakati ambao watoto wa Bunju wamekwishalala. Mtu wa huko akihesabu tangu macheo atachanganyikiwa.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia. “Y media” ni na nusu, “y cuarto” ni na robo, na “menos cuarto” ni kasorobo yetu hasa. “Son las ocho menos cuarto”: saa mbili kasorobo. Saa zote husemwa “son las”, kama vitu vingi, isipokuwa “es la una”, saa saba yetu, ambayo ni moja peke yake. Alfajiri ni “madrugada”. “Tarde” huanza baada ya chakula cha mchana ikaendelea mpaka giza, na hapo mzee alicheka, kwa kuwa chakula chenyewe huliwa yapata saa nane au tisa. Neno la kuogopa ni “mañana”, ambalo ni asubuhi na pia ni kesho.

Akatukumbusha kwamba namba zimewahi kusafiri upande wa pili. Aprili 1965 Wakuba walipita nchini mwetu, wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo, wakiwa wamejipa majina ya Kiswahili. Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Che Guevara mwenyewe, ili asitambulike, akawa Tatu.

Tukiwa bado barazani, simu ya mpwa wangu ililia. Safari ilikuwa keshokutwa, gari kupita “a las seis menos cuarto”. Alitazama mchangani, akahesabu kwa kidole. “Saa kumi na mbili kasorobo,” alisema. Mimi nilikwishainuka kumpongeza, lakini yeye alikuwa anaandika tena. Alikuwa anauliza: asubuhi au jioni? Mzee akanikonyeza. Jibu likaja: “De la mañana.”

Alinisindikiza hadi kituoni. Jua lilikuwa limekwishazama upande wa Mabwepande na adhana ya magharibi ilikuwa imetoka kusomwa. Abiria mmoja aliuliza saa. “Kumi na mbili u nusu,” nilimjibu, na nyuma yangu nikasikia mtu akinong’ona, “Seis y media.”