Bei ya Gari na Bei ya Shida

Nilikwenda Mbinga kununua Land Rover 109 ya mwaka 1978, jamii ya zile zilizopakia abiria na magunia hadi Mbamba Bay kabla ya lami. Mzee alitaka milioni 12. Fundi aliona kutu kwenye chesisi, akakadiria matengenezo milioni 1.5. Mimi nikataja 8.

Mzee alinyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, ada ya mjukuu inadaiwa Jumatatu.”

Nikajua nimeshinda, papo hapo nikaona haya. Darasani mimi huyalaani magoma: kununua kahawa ya mkulima mwenye shida ingali mtini, kwa bei ya kutupa. Nami nilikuwa nikifanya nini?

Nikalipa milioni 10.5. Kutu ni hoja. Ada ya mtoto si hoja. Bei ya haki hupima kitu, haipimi dhiki ya mwenye kitu.