Darasa la Tui Jepesi

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ni ya kukaa. Zamani angalau miguu ilikuwa inakanyaga. Tangu nifunge mota, kinachohangaika ni vidole na macho tu. Asubuhi chai ya maziwa na vitumbua, mchana wali wa nazi kwenye hotipoti, jioni bajaji inanirudisha nyumbani ingawa kwangu si mbali. Nilikwenda zahanati kwa ajili ya macho, maana uzi ulikuwa umeanza kunishinda kuuingiza kwenye sindano. Kabla ya macho wakanipima presha. Ilisoma 164 kwa 98. Ikifika 140 kwa 90 tayari inahesabiwa ya juu, na walipoirudia siku nyingine haikushuka, kwa hiyo sikuwa na la kubisha.

Niliandikiwa vidonge na kuambiwa nipunguze mafuta, nipunguze chumvi, nifanye mazoezi. Maneno hayo nayasikia redioni tangu ni msichana. Hakuna aliyewahi kuniambia chumvi ipungue mpaka ifike wapi, wala ni mazoezi gani yamfae mwanamke wa miaka 53 aliyevaa dera, katika mtaa ambao akionekana anakimbia watu watauliza nani kafariki.

Darasa lilianzishwa na muuguzi wa pale pale, akishirikiana na afisa lishe, Jumamosi jioni kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nilipelekwa na shoga yangu muuza samaki, nami nilikwenda nikitegemea hotuba na sahihi za mahudhurio. Nilikuta jiko la mkaa limewashwa, mbuzi ya nazi, kifumbu, na kijiko cha chai.

Kijiko ndicho kilichonishika. Afisa lishe, binti mdogo kutoka bara, alikijaza chumvi, akaipangusa juu ikawa sawa na ukingo, akasema hiyo ni kama gramu 5, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asiifikishe kwa siku nzima. Humo ihesabiwe ya mboga, ya wali, ya mkate na ya viungo vya paketi. Kisha akauliza nani amepika papa mkavu wiki hiyo. Tukaangua kicheko, maana Tanga utamkosa nani? Hakutuambia tumwache. Alikuwa amemroweka tangu usiku. Akamwaga maji yale, akamchemsha, akamwaga tena, ndipo akamuunga kwa nyanya, pilipili na ndimu bila kuongeza hata punje ya chumvi. Tulionja kwa zamu. Wengine walisema amepooza, wengine kwamba ndimu imemuokoa. Mimi nilikuwa upande wa ndimu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nazi. Kwetu tui la kwanza, kasimile, ndilo heshima ya mpishi. Binti alipoeleza kwamba mafuta ya nazi ni katika yale yanayopandisha kolestro mbaya, bibi mmoja aliyekaa mkekani alimkata kauli: "Mwanangu, wali bila kasimile ni chakula cha mgonjwa." Binti hakushindana naye. "Bibi, kasimile hatuitupi," alimjibu, "tunaichagulia siku." Basi tukakubaliana: kasimile ni ya Ijumaa na ya wageni. Siku nyingine mchicha na matembele vipikwe kwa tui la pili, na wali uwe mweupe. Nimesikia wataalamu wengi wakiwaambia watu wa pwani waache nazi, na sijaona hata mmoja aliyesikilizwa.

Sahani nayo ilipangwa upya: nusu mboga na matunda, robo ya wali au ugali wa dona, robo ya samaki au maharage. Ya kwangu ilikuwa imegeuzwa kabisa, wali umejaa na mchicha umekaa pembeni kama pambo. Kuhusu soda sikuhitaji mahubiri. Muuguzi alihesabu vijiko vya sukari kwenye glasi tupu, karibu 9, kiasi kilichomo katika chupa ya mililita 350. Machungwa ya Muheza yanapita mlangoni kwangu kila msimu, na tangu siku ile ndiyo nawawekea wateja mezani.

Mazoezi yalinipa tabu zaidi. Mwishoni mwa 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Niliona viongozi kwenye taarifa ya habari, fulana mpya na raba nyeupe, nikajua hayo ni ya wenye raba. Muuguzi wetu alileta mpira wa matambara na chupa tupu, akasema tucheze rede. Wawili wanarusha mpira huku na huku, mmoja katikati anaukwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Sikuwa nimecheza tangu darasa la saba. Watoto wa shule walijipanga ukutani kutucheka, halafu wakaanza kutufundisha. Tulivuja jasho na hakuna aliyeuliza dakika ngapi zimebaki. Shabaha ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5, na zinahesabika hata za kwenda sokoni kwa miguu.

Hapo ufundi wangu ukapata kazi. Madera yalikuwa yanatutega miguu, nikashona suruali pana za kitenge za kuvaa ndani, mshono unaomsitiri mtu hata akiruka. Kwa suruali hiyohiyo nikarudi kwenye baiskeli. Tanga ni mji wa tambarare na wa baiskeli tangu zamani. Aliyeiacha ni mimi, siku nilipoona bajaji ndiyo inayomfaa mtu wa makamo. Sasa naendesha kwenda kibandani na kurudi.

Kipimo changu cha mwisho kilikuwa 136 kwa 84, na vidonge bado nameza. Wapo wanaotaka ushuhuda wowote uishie kwa mtu kutupa dawa. Wangu hauko hivyo, na muuguzi amesema dozi atakayeigusa ni daktari. Kilichobadilika zaidi kipo jikoni. Kopo la chumvi limeondoka mezani. Mume wangu aligoma siku kadhaa, kisha akagundua ndimu. Binti yangu anapika tui jepesi kwake bila kukanyaga darasani.

Ramadhani inakaribia na ubishi umehamia kwenye futari. Muuguzi anataka tende, maji na matunda vitangulie, kaimati za shira zisubiri sikukuu. Bibi wa mkekani anadai mihogo ya nazi kwa kasimile kila jioni, kwa hoja kwamba mwezi wote ule una hadhi ya Ijumaa. Jumamosi ijayo tunapiga kura, na kwa hesabu yangu bibi atashinda.