Wosia si uchuro, tuuzungumze wazazi wakiwa wazima

Katika familia nyingi, mtoto akimwuliza mzazi habari za mali anaonekana ana haraka ya kurithi. Mzazi akiandika wosia anaonekana amejichulia kifo. Basi wote tunanyamaza mpaka siku ya msiba, na arobaini ikipita ndugu hawasalimiani.

Mimi naandika habari za afya, na ninachokiona hospitalini ni kwamba tatizo huanza kabla ya kifo. Mzee mwenye presha ya muda mrefu anapata kiharusi usiku. Asubuhi yu hai, anawatazama wanawe, lakini hawezi kutamka neno wala kushika kalamu. Nje, kwenye benchi, wanawe wanaulizana: kadi ya benki iko wapi? Lile shamba, karatasi zake anazo nani? Anayejua yumo ndani na hawezi kusema.

Sheria inataka anayeandika wosia awe na akili timamu na asishurutishwe na mtu. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unaweza kumnyima mtu nafasi hiyo miaka mingi kabla hajafa. Kwa hiyo wakati wa kuzungumza ni huu, mzazi akiwa bado analima bustani yake na kubishana nawe kuhusu mpira.

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Mwakani anatimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima kwa mtumishi wa umma. Nilipokwenda likizo sikumwuliza wosia. Nilimwuliza kuhusu kustaafu: "Baba, umehakiki michango yako PSSSF?" Mfuko huo ulianza mwaka 2018 baada ya mifuko minne ya pensheni kuunganishwa, na yeye aliajiriwa zamani. Ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi, michango yake inatakiwa isipungue miezi 180, yaani miaka 15.

Akaenda kabatini, akarudi na bahasha ya kaki. Mlikuwa na barua ya ajira, barua za kupandishwa daraja, na karatasi moja ambayo sikuwahi kuiona: hati ya mauziano ya kiwanja tunachoishi. Jina la mnunuzi lilikuwa la baba mdogo. Wakati ule baba alikuwa kituo cha mbali, akamtumia mdogo wake fedha amnunulie. Nyumba akaijenga yeye na mama kwa mshahara na vitumbua, na jina la mama halikuwa popote.

"Mdogo wangu si mtu wa dhuluma," baba alisema.

"Yeye si wa dhuluma," mama akajibu. "Wanawe hawakuwepo tuliponunua. Wataamini nini wakiiona hiyo karatasi?"

Baba alikaa kimya, kisha akapiga simu. Jumapili baba mdogo alikuja, na mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi akatia saini kwamba kiwanja ni cha kaka yake. Taratibu za ardhi bado zinaendelea. Alituambia jambo hilo lilimsumbua siku nyingi, ila aliogopa kulianzisha tusije tukadhani ana lake moyoni. Ndugu wawili wanaopendana walikaa kimya miaka yote hiyo, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Kuhusu mama, baba aliamua kuandika wosia. Ana sababu. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 hazimpi mjane fungu lake pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo. Zinamwachia atunzwe na watoto. Wajane wawili wa Tanzania walilifikisha suala hilo kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona haki zao zimevunjwa. Mama hapaswi kufika huko ndipo abaki na sufuria zake.

Kuandika kwenyewe si kazi kubwa. Kwa wosia wa kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, na asiyejua anahitaji wanne. Ni vizuri mashahidi wasiwe wanaonufaika na wosia huo. Kwa Mwislamu, mali hugawanywa kwa mafungu ya mirathi. Wasia wake hauzidi theluthi ya kinachobaki baada ya madeni, wala haumhusu mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. RITA huandika na kuhifadhi wosia, na unaweza kuubadilisha wakati wowote ukiwa hai na akili timamu.

Wewe mzazi unayesoma haya pengine una miaka 35 na watoto wadogo, ukaona mambo haya ni ya wazee. Presha na ajali za barabarani hazisubiri mtu astaafu. Je, mwenzako anajua unachangia mfuko gani? Majina ya wategemezi uliyoandika kazini yana mtoto wa mwisho? Yule uliyempata kabla ya ndoa yumo? Nani atawalea wanao, na yeye mwenyewe umemwambia?

Wiki hii nenda kapime presha, hata kama hujisikii vibaya. Ukirudi nyumbani, kaeni wawili, mwonyeshe mwenzako karatasi zilipo. Jumapili mpigie mzazi simu. Baada ya shikamoo na habari za mvua, mwulize kama barua yake ya ajira bado ipo.