Mume Wangu Hanywi, Tukaenda Kwenye Mizabibu

Mume wangu hajagusa pombe tangu Februari 2018. Oktoba 2023, tulipotimiza miaka kumi ya ndoa, tulikwenda kutembea Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, mahali ambapo ukirusha jiwe linaangukia shamba la mizabibu. Mama mkwe alipopata habari alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza, "Huko si ndiko wanakotengeneza pombe?" Nikamjibu ndiyo mama, ndiko. Shoga yangu mmoja wa kazini yeye hakuzunguka: "Wewe unamkabidhi fisi bucha."

Lakini wazo lilikuwa la Baba Aika mwenyewe. Alipoacha pombe aliingia jikoni, na mpaka leo ndiye mpishi wa nyumba yetu. Zile jioni zilizokuwa za baa zikawa za kukatakata vitunguu na kusoma vitabu vya mapishi. Alikuwa anayajua majina ya vyakula vya Langhe, vile vilima vya kusini mwa mji wa Alba, kabla hata hatujaulizia tiketi. "Nimeacha kunywa," aliniambia, "sijaacha kula."

Mimi nilikuwa na hofu yangu na sikumficha. Kama umewahi kuishi na mtu anayekunywa, unajua kwamba siku anayoacha yeye siyo siku unayoacha wewe kumsubiri. Masikio hayalali. Mtu akichelewa nusu saa kwenye foleni ya Mwenge, wewe tayari umeshaandika hadithi nzima kichwani.

Basi, tukaenda. Torino tulikaa usiku mmoja tu, ila msomaji ukipita pale usikose bicerin: kahawa, chokoleti nzito ya moto na krimu, vyote kwenye glasi moja, kila kimoja kikikaa kwenye tabaka lake. Kuna mkahawa unaohudumia watu tangu mwaka 1763. Hakuna pombe ndani yake, na ukimaliza huhitaji chakula cha mchana.

Asubuhi tukachukua gari dogo la kukodi, tukashuka kama kilomita 60 hadi Alba. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo mimi abiria nilikanyaga breki hewani njia nzima. Kwa wapenzi wengi wanaokwenda kuonja mvinyo, ugomvi wa kwanza ni nani atakuwa dereva. Sheria ya Italia inaruhusu gramu 0.5 tu ya pombe kwa lita ya damu, na mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu haruhusiwi hata tone. Sisi ugomvi huo hatukuwa nao. Ndiyo faida ya kwanza ya kuolewa na asiyekunywa, nawapa bure.

Sasa chakula. Nianze na kilichonishinda: carne cruda, nyama mbichi ya ndama iliyokatwakatwa kwa kisu, ikatiwa mafuta ya zeituni, chumvi na limau kidogo. Mimi mtoto wa Moshi, nyama naijua, lakini naijua ikiwa imepita motoni. Baba Aika alikula yake, akala na yangu. Kisha zikaja tajarin, tambi nyembamba kama nyuzi, za njano kabisa, kwa sababu kilo moja ya unga huweza kumeza viini vya mayai 30 na zaidi. Kisha agnolotti del plin, vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani. Plin, kwa lugha ya kwao, ni kufinya, maana kila kifuko hufungwa kwa mfinyo wa vidole viwili. Nilimwangalia mama mmoja akivifinya jikoni, haraka kama dada zetu wanavyokunja sambusa mwezi wa Ramadhani.

Polenta sihitaji kukueleza. Ni ugali, wa mahindi ya njano, laini zaidi ya wetu. Na kuna bagna cauda, ambayo ndiyo iliyoniteka: vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na samaki wadogo wa chumvi wanaoitwa acciughe, vinapikwa polepole mpaka vinayeyuka, unachovya mboga. Piemonte haina bahari. Samaki hao walikuwa wakipandishwa milimani na wachuuzi kutoka pwani ya Liguria, wakiwa wamekaushwa kwa chumvi, kama dagaa wa Kigoma wanavyopandishwa mpaka kwetu Kilimanjaro. Nilipochovya mara ya kwanza nikamwambia mume wangu, hii ni dagaa ya matajiri. Akacheka mpaka meza ya jirani ikageuka.

Lakini wasidhani kwamba walikuwa matajiri siku zote. Vilima hivi vilijulikana kwa njaa. Beppe Fenoglio, mwandishi wa Alba, alichapisha riwaya juu ya ufukara huo mwaka 1954. Vijana walikuwa wanahamia Torino kutafuta kazi za kiwandani. Baada ya vita kakao ilipokuwa adimu, Pietro Ferrero wa Alba alichanganya kidogo aliyopata na nocciola, zile njugu za mviringo zinazoota kila mahali kule, na mwaka 1964 kampuni hiyo ikatoa Nutella. Mabasi ya kiwanda yalipita vijijini kuchukua wafanyakazi na kuwarudisha jioni, ndiyo maana vijiji vingi havikufa. Kwa hiyo hilo kopo analolilia mwanao supamaketi limebeba historia ndefu.

Kwa wasiokunywa, iwe ni kwa dini, kwa ulokole au kwa afya kama sisi, kuna jambo moja vitabu vya watalii havikuambii: kule pombe haiko kwenye glasi tu. Brasato al Barolo ni nyama ya ng'ombe iliyolala ndani ya mvinyo kisha ikapikwa nao. Bonet, keki laini ya chokoleti, mara nyingi ina ramu. Zabaione ni viini vya mayai na mvinyo. Na usikubali mtu akwambie Moscato d'Asti "ni kama soda". Ina pombe kama asilimia 5, yaani bia. Baba Aika alijifunza maneno mawili, "senza alcol", akawa anayasema kabla ya kukaa. Hakuna aliyemshangaa. Mpishi mmoja alitoka jikoni mwenyewe kutueleza sahani moja baada ya nyingine, kipi kina na kipi hakina.

Mimi nilikuwa nakunywa, ndiyo. Tulikubaliana hivyo Dar, na ni yeye aliyesisitiza. Barolo na Barbaresco zote zinatokana na zabibu moja, nebbiolo, jina ambalo wengi husema limetokana na nebbia, ukungu. Na kweli asubuhi za Oktoba unaamka unakuta bonde lote limejaa maziwa, vilele vya vilima tu ndivyo vinaelea. Barolo haiuzwi mpaka itimize miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mbao. Barbaresco ni miezi 26. Ikiwa changa, inakausha ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi, na Mchaga yeyote anaujua ukakasi huo. Najua unasubiri nifananishe ndoa na mvinyo unaohitaji muda. Sifananishi. Mvinyo unakaa tu gizani. Ndoa kuna mtu anafua.

Usiku wa tatu tulilala kwenye nyumba ya wakulima, karibu na La Morra. Mwenye nyumba, mzee mchangamfu, alitumiminia glasi mbili za dolcetto za kutukaribisha kabla hatujafungua mdomo, akarudi jikoni. Glasi moja ikakaa mbele ya mume wangu. Hakuisukuma. Sahani ya kwanza ikaja, ikaondoka. Chakula cha kule hakina haraka. Kati ya sahani na sahani mnaweza kumaliza kesi nzima ya ukoo. Mimi sikumbuki nilikula nini. Nilikuwa naitazama ile glasi.

"Mama Aika," akasema, "unakula au unalinda?"

Nikamwambia ukweli: nalinda.

Akanyamaza. Kisha akasema harufu anaisikia, nisidhani haisikii. Anaisikia kwenye kila kijiji tunachopita, maana ndiyo wiki za mavuno na vijiji vinanuka zabibu zilizopondwa. Akasema haimtishi kama inavyomtisha Desemba 2017. Hapo nikaweka uma chini, kwa sababu Desemba 2017 hatujawahi kuizungumza. Ni usiku aliotoka Bagamoyo akiwa amelewa, Aika amelala kiti cha nyuma, ana miaka miwili. Walifika salama. Nilimtoa mtoto kwenye gari, nikafunga mlango wa chumba, na asubuhi maisha yakaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Miezi miwili baadaye aliacha pombe na sote tukajifanya aliacha tu, hivi hivi.

Alinieleza safari ile yote. Wapi alisimama, wapi alisinzia, kwamba pale Bunju kuna kitu alikikosa kidogo na mpaka leo hajui kama kilikuwa mtu au mbuzi. Nilimsikiliza. Nilimwambia na yangu pia, kwamba usiku ule nilishapanga nguo kwenye begi na ninajua mpaka leo ni nguo zipi. Tulikuwa na jamii nzima ya Kiitaliano pembeni yetu ikisherehekea siku ya kuzaliwa ya bibi yao, hakuna aliyeelewa neno. Kiswahili kina raha yake ugenini.

Mzee alipoleta jibini aliona glasi haijaguswa. Hakuuliza. Aliiondoa, akarudi na jagi la maji ya zabibu alizokamua mwenyewe asubuhi ile, akamimina, akaenda zake.

Siku zilizobaki zilipita taratibu. Bra, mji ambao Carlo Petrini alianzisha harakati ya Slow Food baada ya watu kupinga McDonald's kufunguliwa Roma, karibu na Piazza di Spagna, mwaka 1986. Alama yao ni konokono. Maonesho ya Alba ya tartufo nyeupe, ule uyoga wa chini ya ardhi unaotafutwa na mbwa na kuuzwa kwa mizani ya dhahabu, mamia ya euro kwa gramu 100. Hatukununua. Tulinusa. Baba Aika alinusa kila meza, akawa anatofautisha, hii ina asali, hii ina gesi. Anasema pua yake ilirudi mwaka wa pili baada ya kuacha.

Kituo cha mwisho kilikuwa Barbaresco, kijiji cha barabara moja na mnara wa kale unaotazama mto Tanaro. Pale kuna ushirika wa wakulima. Wa kwanza ulianzishwa mwaka 1894 na Domizio Cavazza, ukafa wakati wa utawala wa Mussolini, halafu mwaka 1958 padri wa kijiji akawakusanya wakulima 19 wakaanza tena. Baba yangu alikulia kwenye kahawa ya KNCU, kwa hiyo habari za ushirika uliokufa na kufufuka nilizisikiliza kuliko habari za mvinyo.

Nikashika chupa moja, ya 2019. Muuzaji akasema naweza kuinywa sasa ila ikikaa miaka kumi itakuwa kitu kingine. Nikairudisha. Nyumbani kwetu hakujaingia chupa tangu 2018, na sikutaka kuwa wa kuiingiza.

"Kwa nini umeirudisha?" akaniuliza.

"Wewe unajua."

Akaichukua, akaenda nayo kwenye malipo, akailipia na kuomba ifungwe vizuri. Aliibeba mwenyewe mpaka Dar, katikati ya begi lake, imezungushiwa jinzi. Iko kabatini, rafu ya chini, nyuma ya mashuka ya wageni. Bado sijaifungua. Wakati mwingine nikipanga mashuka naigusa kuona kama ipo, kisha narudi jikoni kuuliza leo tunakula nini.