Tanzanite ambayo mtoto hataiona Matema

Ukishuka kutoka Tukuyu, chai inabaki nyuma, joto linapanda na mashamba ya mpunga ya Kyela yanatandaa kuelekea ziwani. Wengi huja Matema kwa ajili ya mchanga na samaki. Mzazi mwenye watoto wa shule ana sababu nyingine ya kulala hapa: giza.

Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa usipa hutoka na taa zao na Ziwa Nyasa huonekana kama mji. Nyota nazo hung'aa usiku huohuo. Oktoba, kabla ya mvua, subirini hadi saa nne (kuchelewa kulala siku moja hakumdhuru mtoto). Tazameni mashariki, juu kabisa ya Milima ya Livingstone. Huko kuna kundi la nyota linalochorwa kama nyangumi, na ndani yake imo nyota iitwayo Mpingo, yenye sayari iitwayo Tanzanite.

Si utani. Majina hayo yalitoka Tanzania na kutangazwa rasmi Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoadhimisha miaka 100. Awali ziliitwa WASP-71 na WASP-71b.

Mtoto atauliza, "Iko wapi?" Mwambie ukweli: haionekani kwa macho. Hata Mpingo yenyewe, iliyo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 1,000, inahitaji darubini. Wanasayansi waliigundua Tanzanite kwa kuona nyota ikififia kidogo kila sayari ilipopita mbele yake, kama mdudu anavyopita mbele ya taa ya mvuvi.

Ni dude la gesi, zito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, ile ambayo shuleni huitwa Jupita. Iko karibu mno na nyota yake, hivyo mwaka wake hautimizi siku tatu zetu. Mtoto wa miaka sita, kwa hesabu ya huko, ana zaidi ya miaka 700! Joto lake linakadiriwa kupita nyuzi 1,500, kali kuliko moto unaochoma vyungu vya Wakisi vinavyouzwa hapo Matema.

Huku chini kuna mbu. Mvalishe mtoto nguo za mikono mirefu na soksi, na akisinzia mwingize kwenye chandarua chenye dawa. Akipata homa, hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, mpeleke akapimwe malaria siku hiyohiyo, na mweleze daktari kwamba alilala Kyela.