Moto wa Ncha ya Penseli

Fildi yangu nilifanyia karakana moja ya Bukoba, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilitoka Muleba: kikamatio cha injini ya mtumbwi, cha alumini, kimepasuka. Mvuvi mwenyewe kasimama mlangoni. Bila injini hakuna dagaa, na dagaa ndio ada ya wanawe.

Alumini ina ujanja wake. Yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi yake ya oksaidi inagoma mpaka zipite 2,000. Ndiyo maana TIG yake ni ya mkondo geu: nusu ya wimbi inamenya ngozi, nusu inayeyusha. Kwenye Hz 60 moto ulitanuka. Fundi akapandisha hadi 120, ukakaza kama ncha ya penseli, ukaingia kwenye ufa bila kula kingo. (Mlio nao ukapanda, mbu mwenye hasira kabisa.)

Palsi akaweka moja kwa sekunde. Darasani palsi ilikuwa grafu ya mtihani tu. Pale niliiona: moto unapanda, unatia waya, unashuka, kidimbwi kinapoa kidogo.

“Itahimili mawimbi?” mvuvi akauliza.

“Itahimili, waitu. Ila injini uifunge na kamba.”