Kwani Miaka Mingine Nilikuwa Wapi?

Siku niliyompa Tata mkataba mpya, aliusoma akiwa amesimama, mikono bado ina unga. Alipofika ukurasa wa pili akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwanangu, hapa wanasema nimeanza kazi Januari hii. Kwani ile miaka mingine nilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu.

Biashara yetu ya mikate ni ya familia. Mama aliianzisha Makutano, Meru, mwaka wa 2014, yeye na Tata na oveni moja ya gesi. Sasa kuna wafanyakazi tisa na duka dogo Embu mjini. Mimi ndiye niliyeachiwa vitabu. Nusu ya maisha yangu iko kwenye matatu, Nkubu, Chuka, Runyenjes, nikijaribu kukumbuka nani amelipwa na nani bado.

Shida haikuwa mishahara. Shida ilikuwa tarehe 9, siku ya mwisho ya kupeleka makato. Chukua mtu wa shilingi 18,000. NSSF anakatwa 1,080, SHIF 495, ushuru wa nyumba 270. Mimi naongeza 1,080 nyingine na 270 nyingine. Fanya hivyo mara tisa, usiku, intaneti ikikatika. Nilishapigwa faini mara mbili kwa kuchelewa.

Kwa hivyo rafiki aliponiambia kuna kampuni inayoweza kuajiri watu pamoja nami, sikujiuliza mara mbili. Wao washike mkataba, mshahara, makato na likizo, mimi nisimamie kazi ya kila siku. Marekani wenye biashara ndogo hufanya hivyo sana. Hapa kwetu mpango wa namna hiyo tunauita tu kazi ya wakala, na jina hilo lina harufu yake.

Nilipiga simu kuuliza kuhusu ile tarehe. "Hiyo ni fomu tu, madam," nikaambiwa.

Lakini si fomu tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtu akiachishwa kwa sababu nafasi yake haipo tena, alipwe angalau siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Miaka 11 ya Tata ni siku 165. Kwa tarehe mpya ni sufuri. Hakuna aliyemwibia, ni tarehe tu iliyobadilishwa. Na mwenye kuipeleka karatasi hiyo mezani kwake ni mimi.

Nikaomba mikataba irudiwe. Walikuwa bado wanajivuta wakati kijana wetu wa Embu alipompeleka mtoto hospitali, akaambiwa michango yake ya SHA haijalipwa. Karatasi ya mshahara ilionyesha amekatwa. Pesa nilikuwa nimeituma kwa wakala tarehe 1. Ilikuwa imelala huko.

Hakumpigia wakala. Alinipigia mimi, na nikalipa kutoka droo ya duka. Hapo ndipo nilielewa. Kwenye mkataba waajiri ni wawili, lakini kwenye dirisha la hospitali ni mmoja.

Sijaondoka kwenye mpango huo, nisidanganye. Siku hizi nalala. Lakini tarehe 10 nataka kuona risiti za makato yote, la sivyo hawapati ada yao. Na kila mfanyakazi nimemfundisha kuangalia michango yake mwenyewe kwa simu.

Mkataba wa Tata ulirudi ukiwa na 2014. Aliusoma tena polepole, kalamu mkononi. Nilidhani ameridhika.

"Na hawa watu wakifunga ofisi?"

"Utanidai mimi, Tata."

"Sawa. Basi andika hivyo."

Tukaandika, ndipo akatia sahihi.